Ufa Mwembamba Usikudanganye: Kutu na Nyufa Katika Boriti za Zege Lenye Nyuzi

Katika boriti ya zege yenye nondo za kawaida, kutu hujitangaza mapema, kwa kuwa huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya ile ya chuma kilicholika, nayo husukuma zege mpaka ufa unatokea sambamba na nondo. Boriti iliyokazwa kwa kamba za chuma, zilizovutwa ili zilibane zege, haina hisani hiyo. Kamba moja, ambayo kwa kawaida ni nyaya 7 zilizosokotwa, ina uwezo wa takriban megapaskali 1860 (kipimo cha mkazo), na siku zote imevutwa zaidi ya nusu ya uwezo huo; chumvi ikichimba vishimo vidogo tu, waya unaweza kukatika kabla kutu haijatosha kupasua zege. Daraja la Ynys-y-Gwas huko Wales lilianguka Desemba 1985 kwa namna hiyo, bila dalili ya kutahadharisha.

Kamba zikipungua kwa kuliwa na kutu, zege la upande wa chini halibanwi tena kama awali, hivyo nyufa za kupinda huanza kwa mzigo mdogo zaidi. Hapo ndipo nyuzi za chuma zilizochanganywa ndani ya zege zinapofanya kazi. Nyuzi hizi, nyingi zikiwa na urefu wa milimita 30 hadi 60 na ncha zilizokunjwa, hung'ang'ania kingo zote mbili za ufa, na badala ya nyufa chache pana tunapata nyingi, nyembamba na zilizokaribiana. Ufa unaofuata kamba nao huchelewa kupanuka, na zege linalofunika kamba halibanduki upesi. Nyuzi zenyewe hupata kutu pia: zile za usoni huacha madoa ya kahawia yasiyo na madhara makubwa, lakini zinazovuka ufa mpana huliwa na kuachia.

Kwa maoni yangu, kosa kubwa la ukaguzi ni kuupima upana wa ufa kwa kigezo cha boriti isiyo na nyuzi, kwani chini ya ufa mwembamba huenda kuna kamba iliyolika vibaya. Mimi hutazama kwanza mwelekeo wake. Ukienda sambamba na kamba, tena ukiwa na mstari wa kahawia, au boriti ikiwa imeanza kunepa, hata uwe mwembamba kama unywele, zege lichimbuliwe na nyaya zikaguliwe mmoja mmoja.