Kukatizwa Kazini na Sindano Iliyojazwa Kiwandani: Dhana Potofu na Ukweli Wake

"Sista, dripu ya mama imeisha!" Sauti inatoka kitanda cha mwisho, na nesi aliyeshika kichupa cha dawa ya unga mkono mmoja na bomba lenye maji ya sindano mkono wa pili anageuka. Anaviweka vyote kwenye trei, anakwenda kufunga dripu, kisha anarudi. Kichupa kipo palepale, unga umeyeyuka nusu. Je, maji aliyotia ni mililita tano au ni kumi? Na kichupa hiki ni cha mgonjwa yupi?

Makala haya yanahusu mambo mawili ambayo kwa kawaida huandikwa mbalimbali: kukatizwa kwa mtu akiwa kazini, na ugumu wa kutengeneza bidhaa mseto za tiba, yaani zile zinazounganisha dawa na kifaa chake kuwa kitu kimoja. Nimeyaweka pamoja kwa sababu la pili, kwa sehemu kubwa, ni jibu la lile la kwanza, na kwa sababu yote mawili yamezungukwa na imani ambazo hazisimami zikipimwa.

Dhana: Anayekosea baada ya kukatizwa ni mzembe au bado mgeni kazini

Mwaka 2010 mtafiti Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia, ambako waangalizi waliwafuatilia wauguzi 98 wakitayarisha na kutoa dawa mara 4,271. Katika zaidi ya nusu ya mara hizo muuguzi alikatizwa angalau mara moja. Kila kukatizwa kuliambatana na ongezeko la asilimia 12.7 la makosa ya kitabibu, kama vile kutoa dawa isiyo yenyewe au kipimo kisicho sahihi, na uwezekano wa kosa kubwa, uliokuwa asilimia 2.3 pale ambapo hakuna aliyemkatiza muuguzi, ulifika asilimia 4.7 alipokatizwa mara nne. Lakini lililonishughulisha zaidi si tarakimu hizo, bali kwamba uzoefu haukuwakinga wauguzi na makosa hayo ya kitabibu. Mkongwe wa wodi alikuwa hatarini sawa na aliyetoka chuoni jana.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Mtu anayeacha kazi katikati huondoka na nia aliyoiahirisha, na nia hiyo haina mahali ilipoandikwa isipokuwa kichwani mwake, ambamo tayari kumeingia dripu, jina la mgonjwa mwingine na swali la ndugu aliyesimama mlangoni. Akirudi kwenye trei, mara nyingi hakumbuki alipoishia, bali hukisia kutokana na anachokiona mbele yake. Kumwambia awe makini zaidi ni kumtaka akumbuke kwa nguvu kitu ambacho hakikupata nafasi ya kuhifadhiwa.

Watu wa ofisini nao wana faraja yao, kwamba wao hukatizwa na bado kazi inakamilika kwa wakati. Mtafiti Gloria Mark na wenzake walilipima jambo hili katika utafiti uliotoka mwaka 2008, wakakuta kwamba waliokatizwa walimaliza kazi kwa muda mfupi zaidi kuliko wasiokatizwa, ila walilipia kwa msongo zaidi wa mawazo, bughudha na hisia ya kukimbizwa. Msimamizi anayetazama saa peke yake ataapa kwamba hakuna kilichopotea.

Dhana: Kibao cha "usinisumbue" kinatosha

Wazo hili limetoka kwenye usafiri wa anga. Mwaka 1981 Marekani iliweka kanuni inayowakataza marubani wa mashirika ya ndege kufanya au kuzungumza jambo lolote lisilohusu kazi yao katika hatua nyeti za safari, zikiwamo kuruka, kutua na kwa jumla muda ambao ndege iko chini ya futi 10,000. Nyuma yake kulikuwa na ajali kadhaa, ikiwamo ya mwaka 1974 karibu na Charlotte, ambako marubani walikuwa wakipiga soga za siasa na magari wakati ndege ikikaribia kutua. Hospitali ziliiga: mistari myekundu sakafuni kuzunguka meza ya dawa, au vizibao vyenye maandishi ya kuwaomba watu wasimkatize aliyevivaa.

Westbrook na timu yake walivijaribu vizibao hivyo pia, safari hii wakilinganisha wodi zilizovitumia na zisizovitumia, na matokeo yalitoka mwaka 2017. Kukatizwa kusikohusu dawa kulishuka kutoka mara 50 hadi 34 katika kila utoaji wa dawa 100. Kulishuka kweli, lakini hakukuisha, na wauguzi wenyewe walilalamika kwamba vizibao vina joto, vinawachelewesha na vinawakera, na chini ya nusu yao ndio waliotaka viwe kanuni ya hospitali. Nadhani tofauti na ndege iko wazi: rubani ana mlango wa kufunga. Nesi aliye peke yake zamu ya usiku hana mlango huo, na hata angekuwa nao hatungependa aufunge.

Dhana: Kila kukatizwa ni kubaya

Mwenzako akikuwahi na kukwambia, "Huyo ana mzio wa penisilini," amekukatiza, na amekuokoa wewe na mgonjwa. Wodi iliyojifunza kunyamaza kabisa ni wodi ya hatari. Kinachotakiwa ni kupunguza milango ambayo kukatizwa kunaweza kuingilia na kuleta madhara, na hapo ndipo kifaa kinapoingia.

Dhana: Sindano iliyojazwa dawa kiwandani inamaliza tatizo

Hesabu hatua za kichupa cha unga: kufungua kifuniko, kupangusa mpira, kuvuta maji, kuyaingiza, kutikisa, kuvuta dawa, kutoa hewa, kubadili sindano, kuandika lebo. Kila hatua ni mahali ambapo mtu anaweza kuitwa. Bomba linalokuja likiwa limeshajazwa kipimo kimoja hufuta karibu zote, na ndiyo maana naliona kuwa kinga bora kuliko kizibao chochote. Lakini hatua hizo hazikuyeyuka hewani. Zimehamia kiwandani, na huko zimegeuka kuwa matatizo ya aina nyingine.

Mfano ulio karibu nasi ni sindano ya uzazi wa mpango. Depo ya kawaida ni miligramu 150 katika mililita moja, huvutwa kutoka kwenye kichupa na kuchomwa ndani ya msuli. Sayana Press ni dawa ileile katika kifuko kidogo cha plastiki kiitwacho Uniject, chenye sindano fupi na kipimo kimoja, ambacho kikishatumika hakiwezi kujazwa tena. Huchomwa chini ya ngozi, na mwanamke aliyefundishwa anaweza kujichoma mwenyewe kila baada ya miezi mitatu. Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi nne za Afrika, pamoja na Burkina Faso, Niger na Senegal, zilizoanza kuipeleka kwa wananchi kuanzia mwaka 2014.

Dhana: Dawa ipo, kifaa kipo, kuunganisha ni kazi ya mchana mmoja

Shirika la afya la PATH lilianza kukibuni kifuko hicho cha Uniject miaka ya 1980, na mwaka 1996 haki ya kukitengeneza ikapewa kampuni ya vifaa tiba ya BD. Kutoka hapo hadi kukiona mkononi mwa mhudumu wa afya wa kijijini kikiwa na dawa hii ni karibu miaka ishirini. Hata dawa yenyewe haikubaki kama ilivyokuwa, kwani chini ya ngozi hutumika miligramu 104 katika mililita 0.65, mchanganyiko uliotayarishwa upya na kujaribiwa upya kwa wanawake.

Dawa na kifaa vikikaa pamoja kwa miaka, huanza kuzungumza. Plastiki, mpira wa pistoni, mafuta ya silikoni yanayolainisha bomba, vyote vinaweza kuachia chembe ndani ya dawa au kuinyonya. Kisa kinachotajwa mara nyingi ni cha Eprex, dawa ya upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo. Mwaka 1998 toleo lililouzwa nje ya Marekani liliondolewa albumini ya binadamu, yaani protini ya damu iliyoifanya dawa isiharibike, na badala yake kutiwa kiungo kiitwacho polisobeti 80. Baadaye wagonjwa waliongezeka ambao miili yao ilijenga kinga dhidi ya dawa hiyo, na uboho wao ukaacha kutengeneza chembe nyekundu za damu. Maelezo mojawapo yaliyopewa uzito ni kwamba kiungo kipya kilikuwa kikitoa kemikali kutoka kwenye mipira ya mabomba yaliyojazwa, ingawa wataalamu hawakukubaliana kwamba hiyo ndiyo sababu pekee. Mipira ikawekewa utando, na uchomaji wa chini ya ngozi kwa wagonjwa hao ukasitishwa.

Ndani ya timu ya utengenezaji, kukatizwa kunarudi kwa sura nyingine. Mhandisi anaweza kubadili umbo la pistoni ndani ya wiki chache. Mfamasia, kwa upande wake, anahitaji miezi mingi kuthibitisha kwamba dawa inabaki salama ikigusana na pistoni hiyo, kwa hiyo badiliko dogo la mmoja huirudisha kazi ya mwenzake mwanzo. Mikutano ya kila siku haiponyi hili. Husaidia zaidi kukubaliana mapema ni sehemu zipi hazitaguswa tena baada ya tarehe fulani.

Dhana: Ikiwa na dawa ndani, basi ni dawa, na sheria yake ni moja

Marekani huuliza kwanza ni kipi kinachofanya kazi kuu. Bomba lililojazwa huenda kwa wakaguzi wa dawa, ilhali stenti, yaani kijibomba cha kuzibua mishipa ya moyo, yenye dawa juu yake, ambacho cha kwanza kiliidhinishwa huko mwaka 2003, kilikwenda kwa wakaguzi wa vifaa. Ulaya, tangu tarehe 26 Mei 2021, dawa iliyounganishwa moja kwa moja na kifaa chake inadai ushahidi wa kujitegemea juu ya kifaa hicho. Tanzania ina mamlaka moja, TMDA, yenye jina hilo tangu mwaka 2019, inayosimamia dawa na vifaa tiba kwa pamoja, lakini kuwa chini ya paa moja hakufuti mafaili mawili, la dawa na la kifaa.

Dhana: Maelekezo yakiandikwa vizuri, mtumiaji hatakosea

Chukua tena Sayana Press. Dawa yake ni chembechembe zinazoelea kwenye maji na hutuama, kwa hiyo lazima itikiswe kwa nguvu. Kisha kifuniko cha sindano husukumwa kuelekea kifuko mpaka mwanya mdogo ulio kati yao uzibe. Usipoziba, dawa haitoki. Halafu ngozi hubanwa, sindano huingizwa, na kifuko hubonyezwa taratibu kwa sekunde kadhaa.

Sasa mtoto analia katikati ya kazi hiyo, naye mama anaweka kila kitu mezani na kwenda kumbembeleza. Akirudi, mwanya unamwambia alipoishia, kwa kuwa hata mtu aliyesahau kila kitu ataona kama umeziba au bado. Kutikisa hakuachi alama kama hiyo, na chembe zinaendelea kushuka chini wakati yeye anabembeleza. Ndiyo maana wanaofundisha kujichoma husisitiza kwamba ukichelewa kidogo kabla ya kuchoma, unatikisa upya, hata kama una hakika kwamba ulishatikisa.