Hajapunguziwa, Ameongezewa

Juzi kanipigia mama mmoja, sauti imejaa furaha. "Mwanangu wamempunguzia! Miaka mitatu ya mwisho anatumikia nyumbani." Maneno haya nimeyasikia hadi huwa namalizia mwenyewe. Pole, mama, hakuna aliyempunguzia. Hiyo miaka mitatu ni ya uangalizi, jaji aliitamka siku ileile ya hukumu, na aliiweka juu ya kifungo, si ndani yake.

Nazungumzia mahakama za shirikisho hapa Marekani. Kesi za majimbo zina taratibu zao. Kwenye shirikisho paroli ilifutwa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987, kutokana na sheria ya 1984, na mahali pake pakaja kuachiliwa chini ya uangalizi. Paroli ilikuwa kipande cha kifungo unachokimalizia nje. Uangalizi ni adhabu nyingine, inaanza kifungo kikishakwisha. Najua ukiwa getini na mfuko wako wa nguo tofauti hiyo huioni. Utaiona ukikosea.

Chukua mtu wa kosa la daraja la C, yaani ngazi ya kati ya makosa makubwa: kifungo miezi 60, uangalizi miaka 3. Katoka, kakaa nje miezi 34, imebaki miwili, kavunja masharti. Kila mtu huniambia anadaiwa hiyo miwili. Hapana! Jaji anaweza kumrudisha ndani hadi miaka 2, na ile miezi 34 halazimiki kumhesabia hata siku moja. Tuseme kampa miezi 8. Akitoka, jaji anaweza kumpa uangalizi mpya wa miezi 28, yaani 36 toa 8, kana kwamba hakuwahi kukaa nje. Kuna kijana niliwahi kumchorea hesabu hii kwenye karatasi, akanirudishia kalamu akisema nirudie, nimekosea kutoa. Sikukosea.

Na usisubiri juri, wale raia wa kawaida wanaoamua kesi, karibu kamwe hutaiona. Wala serikali haihitaji kuthibitisha pasipo shaka kama kwenye kesi ya kwanza. Inatosha jaji aone ni rahisi zaidi kuamini kwamba ulivunja kuliko kwamba hukuvunja. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Esteras, ilisema jaji anapofuta uangalizi asiwe anakulipizia kosa la zamani. Vizuri. Ila jaji anayejua kupanga maneno hatakosa sababu nyingine.

Sasa afisa wa probesheni, yule anayekusimamia wakati wa uangalizi. Si polisi, si mtu wa magereza, ni mtumishi wa mahakama, na anayemwandikia ni jaji aliyekuhukumu. Kazi yake kwako inaanza kabla hujatoka: unapeleka anwani, afisa wa eneo hilo anaikagua nyumba, anauliza nani anaishi humo na kuna nini ndani. Ukitaja nyumba ya mtu ambaye hujamwuliza, umejikaanga mwenyewe.

Mengine nayapitia mbiombio. Nyumba ya mpito, ile unayokaa kati ya gereza na kwenu, haihesabiki kuwa umetoka. Humo bado ni mfungwa. Ukiachiliwa, ripoti ndani ya saa 72. Kipimo cha dawa za kulevya ndani ya siku 15. Kazi ya saa 30 kwa wiki, au uwe unaitafuta kweli. Usitoke wilaya yako ya mahakama bila ruhusa, na wilaya si jimbo: Texas ina nne, kwa hiyo unaweza kuvunja sharti ukienda kumsalimia shangazi bila kutoka Texas. Kaka yako naye amewahi kufungwa kwa kosa kubwa? Omba ruhusa kwanza ndipo muonane. Baada ya mwaka mmoja unaweza kumwomba jaji akufupishie.

Halafu bangi. "Lakini hapa kwetu ni halali." Ni halali kwa jimbo! Aliyekuhukumu ni shirikisho, na kwa shirikisho hata mwenye cheti cha daktari hajaruhusiwa. Nimechoka na hili.

Kuna jambo moja ambalo vijitabu vya maandalizi hulipita kwa sentensi moja: "Kuwa mkweli kwa afisa wako." Kwa mambo ya kawaida nakubali kabisa. Unahama, mwambie siku 10 kabla. Polisi wamekuhoji, mwambie ndani ya saa 72, na ukiweza leo hii, kwa sababu atasikia tu. Umepoteza kazi, mwambie. Wanaorudishwa ndani wengi niliowaona hawakuponzwa na kosa lenyewe, waliponzwa na wiki tatu za kutopokea simu.

Lakini umeteleza ukavuta kitu, je? Afisa anasema, "Niambie, nikusaidie," na huenda anamaanisha. Ila yeye si daktari wako, hana siri ya kukutunzia, na ulichomwambia kinaweza kuingia kwenye ripoti yake. Mimi huwaambia watu: mpigie wakili kwanza, siku hiyohiyo, kisha usidanganye. Nimeona aliyeungama akapelekwa kwenye matibabu. Nimeona aliyeungama vilevile akarudi ndani. Sikuweza kubashiri yupi atapata lipi, na miaka yote hii haijanifanya nijue zaidi.

Mama yule alinipigia tena jana. Kashaelewa hesabu, kaandika tarehe kwenye kalenda, chumba kimepigwa rangi. Nikamwuliza kama kuna silaha nyumbani. Akasema hakuna, isipokuwa bunduki ya mjomba, chini ya kitanda, "lakini si ya mwanangu." Kitanda kipi, mama? Kikawa kitanda atakacholalia mwanawe. Nikamwambia mjomba aihamishe nyumba nyingine kabisa, rasmi, wiki hii, na wala asinipigie mimi kulalamika kwamba ana kibali.

Kanipigia saa mbili usiku.