Je, wajua kwa nini nyama choma huamsha jongo lakini maharagwe hayaamshi?

Kaa Kenyatta Market jijini Nairobi Ijumaa jioni utazame meza za nyama choma. Mbuzi analetwa juu ya kibao, anakatwakatwa mbele ya wateja, chumvi inamwagwa pembeni. Mboga ni kachumbari, kijisahani kimoja kwa watu wanne. Supu ilishatangulia. Usiku wa manane mmoja wao anaamka kidole gumba cha mguu kimevimba na kinawaka moto, hata shuka likikigusa anapiga kelele. Huo ni ugonjwa wa jongo, au gauti kama wengi mjini wanavyouita.

Chanzo chake ni asidi ya yuriki. Kila chembe hai, ya ng'ombe au ya mtu, ina kemikali ziitwazo purini ndani ya vinasaba vyake, na mwili ukizivunja mabaki yake ni asidi hiyo. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha yurikesi kinachoigeuza kuwa kitu chepesi kuyeyuka. Sisi na sokwe tulikipoteza mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo theluthi mbili hivi ya mzigo hubebwa na figo na sehemu iliyobaki hutolewa na utumbo. Mbwa anayesubiri mifupa chini ya meza hana wasiwasi huo.

Asidi ikipita miligramu 6.8 hivi katika desilita moja ya damu, inaweza kuanza kuganda kuwa fuwele zilizochongoka kama sindano. Penye baridi huganda upesi zaidi, na vidole vya miguu viko mbali na joto la mwili. Chembe nyeupe za damu zikizivamia fuwele hizo, ndipo mtu anapolia. Wanaume huugua zaidi kwa sababu homoni ya estrojeni huzisaidia figo za wanawake kuitoa asidi. Hedhi ikishakoma, nafuu hiyo hupungua.

Sasa rudi kwenye ile meza. Maini na figo zina purini nyingi kuliko mnofu. Supu nayo si ya kuaminiwa, maana nyama ikichemka purini hutoka na kuingia majini. Bia huja na purini zake, kisha pombe yenyewe huzizuia figo kuitoa asidi. Na anayekwepa bia kwa kuagiza soda baada ya soda hajaokoka: fruktosi iliyo kwenye sukari huongeza asidi hiyohiyo inapovunjwa kwenye ini.

Mgonjwa akirudi nyumbani, jirani humwambia aache maharagwe, ndengu na mchicha, kwa kuwa navyo vina purini. Ni kweli vinazo. Lakini mwaka 2004 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kupata jongo iliyozidi ya waliokula kidogo kabisa kwa asilimia 41. Waliokula mboga zenye purini nyingi hawakuwa na hatari ya ziada, na waliokunywa maziwa kwa wingi waliugua kidogo zaidi. Kwa hiyo anayeacha githeri huku nusu kilo yake ya mbuzi iko palepale amemfukuza asiye na kosa.

Si lazima mtu aiache nyama kabisa. Mimi ningegeuza vipimo tu: managu, terere au kunde za mama mboga zijaze nusu ya sahani, ndengu zishike nafasi ya kitoweo siku nyingi za wiki, na nyama iwe vipande vichache vya kutia ladha. Maini yaliwe mara mojamoja. Maji ya kunywa yawe mengi.

Kwa aliyekwisha kuugua, chakula hushusha asidi kidogo tu, na mara nyingi daktari huongeza dawa kama alopurinoli, ambayo si ya kuanza wala kuacha kwa kujiamulia. Tena asirudi na furaha akipimwa damu siku ya maumivu na kuambiwa asidi iko sawa. Wakati wa shambulio kipimo kinaweza kushuka hadi kiwango cha kawaida, kwa hiyo arudie kupima wiki mbili au zaidi baada ya uvimbe kuisha.