Mitetemo ya Kwanta Haipimi Usupakondakta

Juma lililopita, katika kipindi cha marudio na wanafunzi wa fizikia hapa Chumbageni, niliulizwa tena swali ambalo nimelijibu hata nimechoka: je, mitetemo ya kwanta (kupanda na kushuka kwa usumaku na ukinzani kadiri uga sumaku unavyoongezwa) inayopimwa katika supakondakta za pniktidi (misombo ya chuma na arseniki au fosforasi) ndiyo mwendo wa zile jozi za elektroni zinazopitisha umeme bila ukinzani?

Sivyo. Tunachokipima ni metali yenyewe, baada ya uga sumaku kuuvunja usupakondakta wake. Uga ukiwa mkali wa kutosha, jozi huachana, elektroni huzunguka kama zizungukavyo katika metali yoyote, na nishati zao hugawanyika katika viwango vilivyotengana viitwavyo ngazi za Landau. Uga unapoongezwa, ngazi hizo huuvuka uso wa Fermi (mpaka kati ya hali zilizojaa elektroni na zilizo tupu) moja baada ya nyingine, na kila inayovuka huutikisa usumaku na ukinzani wa sampuli. Ni kweli kwamba katika baadhi ya sampuli mitetemo huanza kuonekana, tena kwa kufifia, kabla usupakondakta haujaisha kabisa, lakini hata hapo inayosimuliwa ni habari ya uso wa Fermi.

Nikishasema hivyo, hakosi mmoja wa kuuliza kipimo hicho kina faida gani basi, na hapo uvumilivu wangu hunipungukia. Jozi hazitoki mbinguni, huundwa na elektroni hizohizo. Katika pniktidi BaFe₂(As₁₋ₓPₓ)₂, ambamo x ni sehemu ya arseniki iliyobadilishwa na fosforasi, x inapopunguzwa kuelekea karibu 0.3, ambapo halijoto ya mpito (ambayo chini yake usupakondakta huanza) hufikia takriban kelvini 30, masi fanisi ya elektroni (uzito ambao elektroni huonekana kuwa nao ndani ya metali) huongezeka, dalili kwamba elektroni zinaathiriana kwa nguvu zaidi palepale usupakondakta unapostawi. Masi hiyo husomwa katika jinsi ukubwa wa mitetemo unavyopungua joto linapopanda, kwa hiyo anayepima katika halijoto mbili tu na kunitangazia masi hunipotezea muda.

Wengine huhesabu masafa manne ya mitetemo na kutangaza mifuko minne, yaani vipande vinne vilivyojitenga, ya uso wa Fermi. Mwanafizikia Onsager alionesha mwaka 1952 kwamba kila masafa hulingana na eneo la mkato wa uso huo ulio mkubwa au mdogo kuliko mikato jirani yake. Chungwa la Muheza lina mkato mmoja wa namna hiyo, pale katikati. Kibuyu kina miwili, tumboni na shingoni. Mifuko ya pniktidi ni mirefu na imebonyea kama kibuyu, hivyo masafa manne huweza kuwa mifuko miwili tu.

Mitetemo hii pia haihusu wakati, hivyo saa haitakusaidia. Hujirudia kwa 1/B, B ikiwa ukali wa uga sumaku: kwa masafa ya tesla 1000, hatua moja kutoka tesla 20 hukufikisha tesla 20.4, ilhali kutoka tesla 40 hukufikisha karibu 41.7.

La mwisho ni imani kwamba sampuli yoyote inafaa mradi sumaku ni kubwa. Kundi la watafiti la Hosono huko Japani lilipotangaza halijoto ya mpito ya kelvini 26 mwaka 2008, lilikuwa limetia florini katika pniktidi LaFeAsO, na uchafu wa namna hiyo huzitawanya elektroni kabla hazijamaliza mzunguko. Mwaka huohuo mitetemo ilipimwa katika pniktidi nyingine, LaFePO, ambayo halijoto yake ya mpito ni kelvini 6 hivi, kwa sababu fuwele zake zilikuwa safi na usupakondakta wake huvunjika kwa uga mdogo. Mimi humwambia mwanafunzi aanze na fuwele, sumaku ifuate.