Harufu na Muwasho Sehemu za Siri: Maswali ya Vijana wa Kiume na Majibu Yake

Maswali haya huja mwishoni. Kijana ameshaeleza kikohozi chake, ameandikiwa dawa, ameshika kitasa cha mlango, ndipo anageuka na kusema kwa sauti ya chini, "Na huku chini je, kunawasha." Wengi wanapofika hapo wameshapaka vitu vitatu vinne. Ombi langu kwa anayesoma ni moja: angalia kwanza, upake baadaye. Tafuta mwanga wa kutosha na kioo kidogo cha mkononi, ujitazame mwenyewe.

Naoga kila siku. Mbona harufu haiishi?

Mvulana akibalehe, tezi maalumu za jasho za kwapani na kinenani huanza kazi. Jasho lake halina harufu linapotoka. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi ndio wanaolichachusha, na pale palipobanwa, penye joto na pasipopata hewa, wanastawi. Kwa hiyo harufu kidogo ya jasho jioni, inayoondoka ukioga, ni ya mwili wenye afya.

Kama hujatahiriwa, kuna jambo la pili. Chini ya govi hukusanyika utando mweupe unaotokana na seli za ngozi zilizokufa na mafuta ya mwili. Si ugonjwa na hauambukizi. Ukiachwa siku kadhaa, hunuka, na kichwa cha uume huanza kuwa chekundu na kuuma. Wanaosema wanaoga kila siku wanasema kweli, ila maji yanapita juu ya govi, hayafiki ndani. Aliyetahiriwa naye asijisahau: mikunjo ya kinena na nyuma ya korodani hunuka vilevile isiposafishwa.

Harufu ya kutilia shaka ni ile inayorudi saa chache tu baada ya kuoga, kali kama ya samaki au ya kitu kilichooza, hasa ikiambatana na wekundu, majimaji au maumivu.

Nioshe vipi basi?

Mara moja kwa siku inatosha. Vuta govi nyuma taratibu mpaka linapofika bila maumivu, mimina maji ya uvuguvugu au ya kawaida, na upitishe kidole kwenye ule mfereji ulio nyuma ya kichwa cha uume, maana utando hujificha hapo. Sabuni isiyo na manukato itumike nje, kwenye mavuzi, korodani na mapajani. Ndani ya govi maji matupu yanatosha. Kausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha urudishe govi mahali pake. Usisahau kulirudisha. Govi likibaki nyuma huweza kukaza kama pete, kichwa cha uume kikavimba, na hiyo ni dharura ya kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Kama halivutiki, usilazimishe. Ukilichana litapona na kovu, na kovu hulifanya libane zaidi. Hilo mwonyeshe mhudumu wa afya.

Nilianza kutumia sabuni ya dawa, sasa naosha mara tatu kwa siku, lakini panazidi kuwasha.

Hiyo sabuni sasa ni sehemu ya tatizo. Ngozi ya kichwa cha uume ni nyembamba na laini, karibu na ile ya ndani ya mdomo. Ukiikaushia mafuta yake ya asili hupasuka mipasuko midogo isiyoonekana vizuri, huwaka ukikojoa, na vijidudu hupata pa kuingilia. Kijana anaona wekundu, anadhani ni uchafu, anaongeza sabuni, na wekundu unaongezeka. Nimeona wengi waliokwama kwenye mzunguko huu kuliko waliougua kwa kutokuoga, na huwa nawahurumia sana, kwa sababu ni watu wasafi wanaojiadhibu.

Acha vyote kwa wiki 2: sabuni ya dawa, dawa za kuulia vijidudu, marashi, pafyumu. Ndimu, siki, chumvi na dawa ya meno visikaribie kabisa. Kuunguza si kusafisha. Tumia maji matupu. Ngozi ikiwa kavu sana, mafuta mazito yasiyo na manukato yanaweza kuituliza, ila yasikutane na kondomu ya mpira, kwa kuwa mafuta huidhoofisha ikapasuka. Na kama muwasho huanza baada ya kutumia kondomu pekee, fikiria mzio wa mpira wenyewe. Zipo kondomu zisizotengenezwa kwa mpira huo.

Nitajuaje kama ni fangasi?

Hapa ndipo kujitazama kunapolipa, kwa sababu fangasi wako wa aina zaidi ya moja.

Wa kwanza hukaa mapajani na kinenani. Utaona alama kama ramani: ukingo umeinuka kidogo, mwekundu au mweusi kuliko ngozi yako, una magamba, na katikati pamefifia kana kwamba panapona. Huwasha sana ukitoka jasho. Mara nyingi huyaacha korodani na uume bila kuvigusa. Tazama na miguu yako pia, kati ya vidole. Kama pameumuka na kubanduka, huko ndiko fangasi walikotoka: chupi ikipita kwenye miguu yenye fangasi huwabeba hadi kinenani. Vaa soksi kabla ya chupi, na taulo la miguu liwe lake peke yake.

Wa pili hupenda kichwa cha uume na chini ya govi. Huleta wekundu unaong'aa, vijidoa vidogo, na pengine uchafu mweupe mzito, pamoja na kuwaka. Huyu akirudi kila baada ya muda mfupi, pima sukari kwenye damu. Sukari inayopita kwenye mkojo humlisha, na wapo wanaume waliogundua kisukari kwa njia hii kabla ya dalili nyingine yoyote.

Krimu ya klotrimazoli ya asilimia 1 hutibu wote wawili. Kwa fangasi wa mapajani paka mara mbili kwa siku, uvuke ukingo wa alama kidogo, kwa wiki 2 hadi 4, wala usiache siku ile muwasho unapotulia.

Kosa kubwa ni krimu ya kuazima. Kijana mmoja aliniwekea mezani mrija alioukunja kutoka chini hadi shingoni, maandishi yamefutika kwa kushikwa. Alikuwa anapaka tangu wiki 6 nyuma. Muwasho ulipungua siku ya pili, akaamini amepona. Lakini alama iliyokuwa pajani ilikuwa imefika makalioni, na ukingo wake umefifia hadi ilikuwa vigumu kuitambua. Ndani ya mrija kulikuwa na steroidi kali. Steroidi hunyamazisha muwasho huku fangasi akiendelea kutambaa, na ikitumika muda mrefu kwenye ngozi nyembamba ya kinena huacha michirizi isiyofutika. Soma kilichoandikwa kwenye mrija. Kama hakisomeki, usipake.

Kuna vipele vidogo pembeni mwa kichwa cha uume. Haviwashi wala haviumi.

Vikiwa vimejipanga safu kuzunguka ukingo, vinalingana na havibadiliki, ni maumbile. Vidoa vyeupe au vya manjano kwenye shina la uume au korodani pia huwa ni tezi za mafuta tu. Usivikamue. Vinavyoongezeka, kukua au kupasuka, onyesha.

Muwasho wangu huamka usiku.

Tazama kati ya vidole vya mikono, viganjani, kiunoni, kisha uume na korodani. Vipele vidogo sehemu hizo zote, vinavyowasha zaidi kitandani, ni dalili ya wadudu wa upele. Dawa yake, mara nyingi permethrini ya asilimia 5, hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni na kurudiwa baada ya wiki 1, na unaoishi nao karibu watibiwe siku hiyohiyo hata kama hawajikuni. Shuka na nguo zioshwe kwa maji ya moto.

Inawezekana ni ugonjwa wa zinaa?

Harufu peke yake, bila dalili nyingine, kwa kawaida si ugonjwa wa zinaa. Dalili za kukuamsha ni usaha au majimaji kwenye tundu la mkojo, kuwaka ukikojoa, malengelenge, tezi za kinena kuvimba, au kidonda. Kidonda kisichouma kisikudanganye: cha kaswende kwa kawaida hakiumi, na hujifunga chenyewe huku ugonjwa ukibaki mwilini. Klamidia nayo mara nyingi haina dalili yoyote. Kama umefanya ngono bila kinga, pima, na upime VVU pia.

Usimeze vidonge vilivyobaki vya rafiki. Kisonono kimeshakuwa sugu kwa dawa nyingi za zamani, na dozi isiyotosha inaweza kukufanya uonekane umepona ukaendelea kumwambukiza mwenzako. Mwenzako naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Naona aibu kuonyesha. Nifanye nini?

Kwanza jua yasiyosubiri aibu: maumivu makali ya ghafla ya korodani moja, govi lililokwama nyuma, kushindwa kukojoa, au homa pamoja na uvimbe unaoenea. Korodani iliyojisokota inahitaji kuokolewa ndani ya saa 6 hivi, basi ondoka hata kama ni usiku wa manane.

Kwa mengine, andika kwenye simu ulichokiona, kilianza lini, na kila ulichopaka, kisha mpe mhudumu asome. Huhitaji kutamka neno lolote linalokushinda. Unaweza kuomba kuhudumiwa na mwanamume. Chukua na mirija yote uliyotumia, hata iliyokwisha. Siku hiyo usipake kitu, na usikojoe saa 1 au 2 kabla ya kufika, kwa sababu mkojo wa mwanzo kabisa ndio unaobeba vijidudu vinavyotafutwa.