Programu ya zamani kwenye Windows 11: tafuta kwanza data ziliko

Juzi mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki aliniletea laptopu mpya ya Windows 11 pamoja na kompyuta yake ya mezani ya Windows 7, ambayo feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga. "Kijana wangu, programu mpya siitaki. Nihamishie hii hii." Ni programu ya stoo, imeandikwa kwa Visual Basic 6, lugha ya zamani ya kutengenezea programu, na data zake ziko kwenye faili la Access, hifadhidata ya Microsoft.

Nikanakili folda yake kutoka Program Files, folda ambamo Windows huweka programu, nikaiweka programu kwenye laptopu, ikafunguka. Mzee akavaa miwani. Bidhaa nne tu, zote za majaribio ya siku programu ilipowekwa. Akanitazama bila kusema neno.

Kosa langu. Tangu Windows Vista, programu ikifunguliwa kawaida hairuhusiwi kuandika ndani ya Program Files. Zile za zamani hazilijui hilo, basi Windows huzizuga: kinachoandikwa hukihifadhi kimyakimya pembeni, kwenye folda ya mtumiaji, AppData\Local\VirtualStore. Mauzo yote ya mzee yalikuwa huko, na AppData yenyewe imefichwa. Ndiyo maana pia mtu akichagua "Run as administrator" ghafla anaona data hazipo: kuzugwa kumekoma, programu inasoma lile faili la siku ya kwanza.

Nikaiweka upya, safari hii ndani ya C:\Stoo, nje kabisa ya Program Files, na faili sahihi humo humo. Haikuhitaji ruhusa yoyote.

Kichupo cha Compatibility, kilichomo kwenye Properties za programu na ambacho kila fundi hukimbilia, sikukigusa. Kazi yake kubwa ni kuidanganya programu kwamba iko kwenye Windows ya zamani; kinafaa pale inapogoma kwa sababu ya toleo. Na kama programu ni ya biti 16, yaani ya kizazi cha kabla ya Windows 95, usijisumbue: Windows 11 ni ya biti 64 tu, haitaifungua kwa mpangilio wowote. Za DOS, mfumo uliotangulia Windows, zijaribu kwenye DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS.

Lililobaki lilikuwa tarehe, na hili ndilo huniogopesha zaidi. Laptopu nyingi huja na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 05/03, Visual Basic inaelewa Mei 3. Ukiandika 13/03, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inageuza yenyewe na kupata Machi 13. Kwa hiyo zinazoharibika ni siku 12 za kwanza za mwezi tu, na hakuna ujumbe wa kosa. Nikafungua Region kwenye mipangilio ya Windows, nikaweka dd/MM/yyyy, yaani siku kwanza, kisha nikamwomba mzee aingize risiti ya tarehe 5 Machi na kufungua ripoti ya mwezi huo.

Ikaonekana. Akalipa, akaondoka na kompyuta zote mbili.