Tumbo joto: maana ya mhimili wa utumbo na ubongo

Mtu anayesubiri majibu ya mtihani tunasema ana tumbo joto. Usemi huo una ukweli wa kitabibu ndani yake. Utumbo na ubongo hupashana habari usiku na mchana, na mawasiliano hayo ndiyo yanayoitwa mhimili wa utumbo na ubongo.

Njia kuu ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo hadi tumboni. Takribani nyuzi nane katika kila kumi za neva hiyo hupeleka habari juu. Yaani ubongo hulisikiliza tumbo kuliko unavyoliamuru. Njia nyingine ni damu, pamoja na kinga ya mwili.

Chakula kinaingia hapa: nyuzinyuzi za vyakula vya mimea hatuwezi kuzimeng'enya wenyewe. Hufika utumbo mpana karibu kama zilivyoliwa, bakteria wakazichachusha na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo hulisha seli za ukuta wa utumbo. Kwa panya wa maabara imeonekana kwamba nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria hugeukia ute unaoulinda ukuta huo na kuula. Ukuta ukidhoofika, mabaki ya bakteria hupenya kwenye damu, na kinga ya mwili huamka.

Liko kosa linalorudiwa mno: kwamba kwa kuwa takribani 90% ya serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, hutengenezwa utumboni, basi ukila vizuri furaha inapanda kichwani. Kiasi hicho ni kweli, hitimisho ndilo kosa. Serotonini hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Huendesha utumbo, ubongo hujitengenezea yake.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima. Chai na maandazi mawili ya asubuhi pale Ngamiani, Tanga, havitoi hata sehemu ya tano. Kikombe cha kunde zilizopikwa kina kama gramu 11. Chungwa la Muheza lina kama 3, ila wengi wetu tunafyonza maji na kutupa makapi, na nyuzinyuzi zimo humo humo kwenye makapi. Ulile pamoja na makapi yake.

Usianze kwa pupa, maana bakteria wasiozoea hukujaza gesi, ukaziacha kunde siku ya tatu. Anza na nusu kikombe kwa wiki mbili. Ziloweke usiku kucha, mwaga maji yale, pika kwa maji mapya, na ongeza maji ya kunywa. Mtindi unywe bila kuuchemsha, kwani moto huua bakteria wake. Vibua na dagaa vina omega-3, mafuta ambayo ubongo unayahitaji.

Mwaka 2017 watafiti wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la wiki 12 kwa watu 67 wenye sonona. Karibu theluthi ya waliobadilishiwa mlo walipata nafuu kamili, dhidi ya 8% ya waliopewa mtu wa kuwaliwaza tu. Wengi wao walikuwa tayari kwenye matibabu, kwa hiyo anayetumia dawa asiziache kwa ajili ya kunde.